Stika za modeli za ndege zinaudhi, fundi stika wa Ngamiani ndo jibu (uzoefu wangu)

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asizunguke: ukinunua ndege ya plastiki ya kuunga mwenyewe, ukafungua boksi ukakuta karatasi ya stika badala ya dekali za maji (alama nyembamba zinazolowekwa kabla ya kubandikwa), plastiki iunge, stika ziweke pembeni, nenda kwa fundi anayekata stika za bajaji na bodaboda akukatie stensili (kiolezo cha kupigia rangi), alama zote uzipige kwa rangi. Mimi nimefanya hivo hapa Tanga na sirudi nyuma.

Yangu ni Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, skeli ya 1/48, yani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, niliagiza mtandaoni ikashuka Dar ikaletwa na basi. Kampuni siitaji. Plastiki yenyewe kusema kweli ni nzuri, mistari ya mabati imechongwa vizuri, mbawa zinakaa kwenye bodi bila kujaza puti, kioo cha rubani kinapitisha mwanga safi kabisa. Ndo maana ile karatasi ya stika iliniuma, yani mtu kachonga ndege vizuri namna ile hafu kwenye alama katupa mikono.

Kwanza ni nene. Watu wanachukulia unene kama kitu kidogo lakini piga hesabu, stika ikiwa na milimita 0.1 tu, kwenye skeli ya 1/48 ni sawa na karibu milimita 5 kwenye ndege halisi, sasa niambie ndege gani ya vita iligandishwa ubao wa milimita 5 ubavuni ikaitwa ni rangi. Pili inang'aa wakati ndege nzima umeipiga rangi isiyong'aa. Tatu ina ukingo mweupe wa plastiki kuzunguka kila herufi. Nne, na hii ndo iliniudhi kuliko zote, kile kidoti chekundu cha katikati ya duara (ile alama ya jeshi la anga la Uingereza) hakipo katikati, kimesogea upande, na ukishakiona mara moja huwezi tena kuacha kukiona.

Na alama zenyewe hawakujali. Spitfire ya mwisho wa 1940 kuingia 1941 ubavuni ilikuwa na duara lenye pete ya njano nje, kisha bluu, nyeupe, nyekundu katikati. Juu ya mbawa ilikuwa tofauti, bluu na nyekundu tu, hakuna nyeupe hakuna njano, kwa sababu ndege ikiangaliwa kutoka juu ilitakiwa isionekane kirahisi. Chini ya mbawa nyekundu, nyeupe na bluu bila njano. Sasa hawa wametoa duara moja lenye njano kwa kila sehemu, mbawa juu, mbawa chini, ubavuni. Mtu anayependa hizi ndege anaona hapohapo.

Alafu kuna hali ya hewa yetu. Tanga unyevu na joto la pwani vyote unavijua, ukibandika stika pale mbele ya ubawa panapopinda, asubuhi imekaa, jioni ncha zimenyanyuka, ukibonyeza inarudi inanyanyuka tena na safari hii imebeba vumbi kwenye gundi. Ukiwa huna njia nyingine kuna ya kupunguza maumivu: kata ule ukingo wote kwa kisu kipya, paka maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo sehemu unayobandika ili uweze kuisogeza, kamua maji yatoke kwa kitambaa, ipashe moto kidogo kwa draya ya saluni (kwa mbali, plastiki hii inalainika haraka), kisha pitisha kisu kwenye mistari ya mabati ili stika izame. Itakaa vizuri zaidi, lakini unene uko palepale.

Dekali za maji ni kitu kingine kabisa na sitaki mtu achanganye. Ile ni filamu nyembamba sana iliyochapwa juu ya karatasi yenye gundi inayoyeyuka, unaiweka kwenye maji sekunde chache, unasubiri iachie, unaitelezesha kwenye modeli. Kuna dawa zake kama Micro Set na Micro Sol, hii ya pili inailainisha mpaka inazama kwenye kila mstari na kila msumari. Uso wa modeli lazima uwe unang'aa kwanza, maana rangi isiyong'aa ina vishimo vidogovidogo, hewa inanasa chini ya filamu na unaona weupe kama fedha. Shida ni kuipata dekali ya ndege yako ukiwa Tanga, unaagiza nje, unasubiri, na nauli inaweza kuzidi bei ya karatasi yenyewe.

Kwahiyo nikaenda Ngamiani. Zile barabara za namba kuna vijana na watu wazima wenye mashine za kukata stika, unawajua kwa vioo vyao vilivyojaa majina ya watoto, aya na "Wagosi wa Kaya" za mashabiki wa Coastal Union. Niliyemwendea ni mtu mzima kidogo, nikasalimia, nikamwonesha mchoro wa maduara. Akauangalia muda.

"Mgosi, hii pikipiki gani ina tairi dogo hivi?"

Nikamwambia kaka si pikipiki, ni ndege ya plastiki, na stika yenyewe sitaibandika ibaki, nataka nipige rangi kupitia kwake hafu niing'oe. Hapo akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea, maana na yeye anafanya hivohivo kwenye milango ya malori, anakata maandishi, anapiga spreyi, anabandua. Akaniambia nisimpe picha ya simu, nimpe vipimo, achore mwenyewe kwenye CorelDRAW, programu ya kuchorea ya kompyuta. Na hili nalisisitiza, nenda na vipimo. Mashine inafuata mstari, picha iliyovutwa ikakuzwa inatoa duara lenye meno.

Vipimo vyangu hivi, mwenye 1/48 achukue. Duara la ubavuni kwenye ndege halisi ni inchi 35 kwa ujumla, vipenyo vyake kuanzia ndani ni inchi 5, 15, 25, 35, kwahiyo kwenye modeli nyekundu milimita 2.6, nyeupe 7.9, bluu 13.2, njano 18.5. La juu ya bawa ni inchi 56, yani milimita 29.6, na nyekundu ya ndani 11.9. Ule mkanda wa mkiani wa rangi iliyoitwa Sky, kijani mpauko, ni inchi 18, unakuja milimita 9.5, huo hata masking tepu inatosha.

Alivyokata ndo uzuri wenyewe. Pete zote kazikata kwenye kipande kimoja cha stika, moja ndani ya nyingine, bila kuzitoa. Nikapiga nyeupe sehemu yote ya duara kwanza, ikakauka vizuri, nikabandika kipande kizima. Nikatoa pete ya nje, nikapiga njano, ilipokauka nikairudisha palepale. Nikatoa ya pili, bluu, nikairudisha. Ya tatu sikuigusa, ile ndo nyeupe iliyobaki chini. Kwa kuwa zote zimekatwa mara moja, haziwezi kupishana, katikati ni katikati kweli. Mwisho unabandua ile stika inayozunguka duara tu, duara zima linabaki limefunikwa, ndo unapiga kijani na kahawia ya ndege nzima, ukimaliza unafunua. Maana yake alama zinatangulia na kamafleji (zile rangi za kujificha) inafuata, kinyume na ulivyozoea.

Kidoti chekundu cha milimita 2.6 mashine ilikataa, kisu chake kikifika kwenye kona ndogo vile kinavuta stika badala ya kuikata. Fundi mwenyewe ndo kasema nenda kwa fundi viatu. Ana koleo lenye midomo ya kutobolea mikanda, saizi tofauti, ya 2.5 ikatoboa tundu safi kwenye kipande cha stika. Tofauti na 2.6 hakuna jicho litakaloiona.

Rangi sikupuliza kwenye maduara, nilidonoa kwa kipande cha sponji ya godoro, rangi kidogo sana, karibu kavu, tabaka baada ya tabaka. Ukipaka kwa brashi yenye maji inapenya chini ya stika. Kabla ya kila rangi nilidonoa kwanza klia (vanishi isiyo na rangi) pembezoni, klia ndo inaziba mwanya, ikipenya haionekani.

Sasa mabaya yake, maana yapo. Stika za madukani gundi yake ni kali, imetengenezwa ikae kwenye bodi ya gari miaka. Kabla ya kuiweka kwenye modeli ibandike na kuibandua kwenye suruali ya jinzi mpaka ipoteze nguvu, na rangi ya chini iache ikauke kabisa, siku kadhaa kwa hali ya hewa yetu. Usiilaze usiku kucha kwenye joto, gundi inabaki. Ikibaki sugua na mafuta ya kupikia kidogo kisha osha na sabuni, thina usiguse, inakula plastiki.

Herufi kubwa za ubavuni zilitoka safi, kona kali, hazina ukingo, zimekaa ndani ya mistari kama zilivyotakiwa. Namba ndogo ya usajili ndo haikuwezekana, inchi 8 ni milimita 4 tu kwenye modeli, mashine inazing'oa. Hapo nikashukuru historia, maana zilikuwepo Spitfire za kipindi kile ambazo mkanda wa Sky ulipigwa juu ya namba ikafunikwa, nikaichagua ndege ya namna hiyo na modeli ikabaki sahihi. Anayetaka namba ionekane atafute dekali ya namba peke yake.

Bei, kwa kazi yote ya kukata nililipa elfu tano, na akaniongezea seti ya akiba ya maduara bure kwa vile kipande kilikuwa kinabaki. Nenda asubuhi, mchana foleni ya bajaji inakuwa ndefu na kazi ndogo kama hii inataka mtu atulie. Ijumaa anafunga kwa ajili ya swala anarudi alasiri. Na beba kitabu kigumu cha kulazia stika ndani, ukiikunja mfukoni pete zinaachia kabla hujafika Chumbageni.