Gari Jeusi Mtwara: Miezi Minane na Mkebe Mmoja wa Nta

Anayeishi Shangani, hapa Mtwara, hahitaji kuelezwa habari za chumvi. Ukiamka alfajiri wakati wa kusi, kabla umande haujakauka, ukapitisha kidole kwenye kioo cha gari lililolala nje kisha ukakigusisha ulimini, utaipata ladha ya bahari yenyewe. Kwenye gari jeupe jambo hilo hupita bila kuonekana. Kwenye jeusi, jua likishapanda, chumvi hiyo hukauka ikawa ukungu wa kijivu kuanzia paa hadi buti, na mwenye gari, kwa haraka ya kuwahi kazini, huchukua kitambaa kikavu akaufuta. Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa wiki tatu za mwanzo baada ya kulileta gari langu, Toyota Harrier nyeusi iliyotumika Japani, kutoka Dar es Salaam, na kwa mikono yangu mwenyewe nikaijaza boneti michirizi myembamba ya mviringo ambayo jua la saa nne huianika kama utando wa buibui.

Hayo ndiyo yaliyonipeleka kutafuta nta ya kulinda rangi ya gari. Mwezi wa tano niliagiza vitu viwili kutoka Kariakoo kwa mtu aliyekuwa anakuja na basi: mkebe wa gramu 200 wa nta ngumu yenye karnauba, kwa shilingi 45,000, na kopo la nta ya maji ya kupuliza, kwa shilingi 18,000. Karnauba hutokana na majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, na sifa yake kubwa ni ugumu, kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, ilhali nta ya nyuki huyeyuka mapema zaidi. Mkebe wangu umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni karnauba asilimia 100, maneno ambayo hayapaswi kumdanganya mtu. Karnauba tupu ni ngumu kama kigae na haipakiki kwa mkono, hivyo kilichomo ndani ni karnauba iliyochanganywa na mafuta na viyeyushi, na hiyo asilimia 100 inaizungumzia karnauba peke yake, si mchanganyiko wote.

Mara ya kwanza niliharibu. Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, gari likiwa limesimama juani na boneti imepata joto la kuunguza kiganja, nami nikapaka nta nene kwa imani kwamba wingi ndio ulinzi. Ilikaukia palepale. Kila nilipoifuta ilisogea badala ya kutoka, ikaacha mawingu meupe kwenye milango, ikaingia kwenye raba za madirisha na kwenye plastiki nyeusi ya bampa, ambako ilibaki kama chokaa hadi nilipoisugua kwa mswaki laini na maji ya sabuni siku mbili mfululizo. Fundi rangi mmoja wa Chikongola, niliyempelekea gari kwa aibu, alilizunguka mara moja tu akacheka. "Kaka, hii si siagi ya mkate," alisema. "Halafu umeipaka juu ya uchafu na mikwaruzo. Sasa unavilinda vyote viwili."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ningependa kila mwenye gari jeusi ayasikie kabla hajafungua mkebe, kwa sababu nta haiondoi kasoro yoyote. Fundi alinifundisha kuuvalisha mkono mfuko laini wa mkate na kuupitisha juu ya boneti iliyooshwa. Kwa kiganja kitupu niliona iko laini, lakini kwa kupitia mfuko vidole vyangu vilihisi chembechembe kama msasa. Hiyo ni saruji na lami vilivyoganda, na sabuni haiving'oi. Tuliviondoa kwa donge la udongo maalumu wa kusafishia rangi, laini kama unga wa chapati uliokandwa, tukilitelezesha juu ya maji ya sabuni na kulikunja upya kila lilipochafuka. Baada ya hapo alipiga polishi kwa mashine, kwa shilingi 60,000. Kitambaa chake kilitoka na utando mweupe, si mweusi, akaniambia hiyo ni ishara kwamba juu ya rangi bado ipo klia, yaani lile tabaka angavu linaloifunika rangi. Alinionya pia kwamba klia hiyo ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa na kila polishi ya mashine huipunguza, kwa hiyo kazi ile si ya kurudiwa kila sikukuu.

Mwisho wa mwezi wa tano, saa moja asubuhi, chini ya banda, bati la gari likiwa la baridi na kavu, nilipaka upya. Safari hii nta ilikuwa kidogo mno, kiasi cha kuonekana tu kama pumzi kwenye kioo, nikaifuta kwa kitambaa cha maikrofaiba baada ya dakika kumi hivi. Kwa kuwa sipendi kusadiki maandishi ya mkebe, nilibandika utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi katikati ya boneti, nikapaka upande wa dereva na kuuacha upande wa abiria mtupu hadi katikati ya mwezi wa nane.

Tofauti ya mng'ao ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, na mke wangu alisema haioni kabisa. Tofauti ya kuosha ilikuwa kubwa. Upande wenye nta, ndoo ya maji ikimwagwa taratibu iliondoka na chumvi yote pamoja na sehemu kubwa ya vumbi, wakati upande mtupu ulibaki na utando uliohitaji kusuguliwa. Kwangu huo ndio ulinzi wenyewe, kwani uchafu unaotoka bila kusuguliwa haukwaruzi. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya malori ya saruji, na pia yale ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuelekea bandarini. Vumbi la saruji huonekana, na mtu hujihadhari nalo. Vumbi la makaa juu ya gari jeusi halionekani, na mtu hulifuta kwa kitambaa kikavu akidhani gari ni safi.

Jaribio la pili lililetwa na kunguru, ambao Mtwara hawana msimu. Mwezi wa saba niliacha gari chini ya mwarobaini tangu Jumamosi mchana, nikalirudia Jumatatu asubuhi, na kinyesi kilikuwa pande zote mbili za boneti. Kinyesi cha ndege kina asidi, na juani klia hulainika na kutanuka, kisha ikipoa hujikunja kuufuata uchafu uliokaukia juu yake. Upande mtupu umebaki na duara lililochimbika, kubwa kama sarafu ya shilingi mia, ambalo bado lipo hadi leo. Upande wenye nta kilibaki kivuli hafifu kilichotoka kwa kufuta na kupaka upya. Hata hivyo, mwezi wa tisa kinyesi kingine kilikaa siku tatu juu ya paa lenye nta, na doa lake halijatoka, kwa hiyo nta inakununulia saa kadhaa, pengine siku moja, na haikupi ruhusa ya uvivu.

Mkebe unaahidi miezi mitatu. Kwangu, gari likilala nje karibu na bahari, maji yaliacha kufanya matone ya mviringo na kuanza kutandaa kama shuka baada ya wiki sita hivi kwenye boneti na paa. Milangoni nta ilidumu zaidi, karibu wiki tisa. Sasa napaka sehemu za juu kila wiki sita na milango kila mara ya pili. Ahadi nyingine, ya kukinga rangi dhidi ya jua, naiona imetiwa chumvi, maana kazi hiyo hufanywa hasa na viambato vilivyomo ndani ya klia, na tabaka jembamba hivi la nta huongeza kidogo sana. Kwa jua, banda la makuti limenisaidia kuliko mkebe.

Ipo kero moja ambayo sikuiona imeandikwa popote kwenye mkebe. Matone yale mazuri yanayosimama juu ya nta hukauka kila moja mahali pake, na maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo gari lililooshwa na kuachwa likauke juani huota mamia ya vidoa vyeupe. Vidoa vipya nimevitoa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na kusuuza mara moja, lakini siki nayo huichosha nta. Njia iliyo bora ni kukausha kwa taulo laini kabla maji hayajakauka yenyewe, hata kama una haraka.

Uharibifu mkubwa kuliko wote haukuletwa na bahari. Nilipotoka Lindi siku moja gari likiwa limechafuka, nililipeleka mahali pa kuoshea magari, na kijana akaliosha kwa sabuni ya unga ya kufulia na dodoki lililokuwa limetoka kusugua matairi ya lori. "Usijali bosi, litang'aa," aliniambia, na kweli liling'aa, kwa sababu alimalizia kwa kulipaka dizeli. Kesho yake maji hayakufanya tone hata moja. Nta ya wiki mbili ilikuwa imekwenda yote. Tangu hapo naosha mwenyewe kwa shampuu ya gari na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, nikianzia paani na kuishia chini.

Msimu wa korosho nilikuwa Tandahimba na Newala mara kwa mara kwa kazi. Maji ya mabibo yaliyodondokea boneti yalitoka kwa kitambaa chenye maji, hata baada ya nusu siku, na vivyo hivyo vumbi la salfa ya kuulia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, nililolipata mapema mwezi wa nane kwenye barabara zinazopita mashambani. Kwa mabibo sina upande wa kulinganisha tena, kwa kuwa utepe nilikwishauondoa, ila najua nisingependa kuyaacha mabibo juu ya klia tupu.

Kuhusu kopo la kupuliza, ni jepesi kutumia na linamaliza gari zima kwa dakika ishirini, lakini kwangu halikufika wiki tatu, na kwenye rangi nyeusi liliacha michirizi kila nilipozidisha kidogo. Nimempa shemeji yangu mwenye bajaji nyeupe, naye hajalalamika. Mkebe bado una zaidi ya nusu, baada ya kupaka mara sita ukihesabu na ile ya Jumamosi ya aibu, ambayo peke yake ilikula kiasi cha mara tatu.