Buni mbichi au kahawa iliyosindikwa?

Kahawa nyingi ya Tanzania huuzwa nje ikiwa buni mbichi, yaani punje zisizokaangwa. Ina faida zake: buni iliyokaushwa vizuri hukaa ghalani miezi kadhaa, na wakaangaji wa Japani wanaijua kahawa aina ya arabika ya Kilimanjaro kwa jina. Lakini bei hufuata soko la New York; likishuka, mkulima wa Moshi anaumia.

Kukaanga hapa nchini huongeza thamani, ila harufu ya kahawa iliyokaangwa hufifia ndani ya wiki chache, na safari ya meli ni ndefu. Mimi naona nafasi kubwa zaidi iko kwenye kahawa ya unga unaoyeyuka, kama ya kiwanda cha TANICA, Bukoba: kahawa aina ya robusta ya Kagera inaifaa, unga wenyewe hauharibiki upesi, na soko la Kigali liko karibu kuliko la Hamburg, Ujerumani.