Uzoefu wangu: Silverado 2500HD, tela la tani tano na joto la giaboksi kwenye milima ya Colorado

Pikapu yangu ya kwanza hapa Marekani niliiharibu giaboksi bila kujua. Ilikuwa pikapu ya kawaida, si ya kazi nzito, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kubeba mashine ndogo za ujenzi kutoka Denver kwenda milimani. Nilikuwa natazama sindano ya joto la maji ya injini. Miezi saba ilikaa katikati, nami nikawa na amani. Joto la giaboksi halikuwa na geji. Siku gia ya tatu ilipoanza kuteleza, fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili akaninusisha: harufu ya kitu kilichoungulia sufuriani, na oili iliyopaswa kuwa nyekundu imekuwa kahawia. Matengenezo yalikula dola 4,200, na tela likalala wiki tatu.

Kwa hiyo nilipokwenda kununua Chevrolet Silverado 2500HD ya mwaka 2015, yenye dizeli ya Duramax ya lita 6.6 na giaboksi ya Allison 1000 ya gia sita, sikuanza kuulizia nguvu za farasi. Nilianza kutafuta kwenye skrini ukurasa wa joto la oili ya giaboksi. Upo. Nikaugeuza usome kwa Selsiasi, na huu ni mwaka wa pili. Nikiwa na tela siuondoi mbele ya macho.

Aliyeniuzia aliapa kwamba oili ya gia ni mpya. Niliimwaga hata hivyo, ikatoka nyeusi-nyeusi. Nikaweka oili ya gia ya aina ya Dexron VI na filta mpya. Kwenye Allison hii filta ya nje inafungwa kwa kuzungushwa kama ile ya oili ya injini, kazi ya dakika chache ukiwa chini ya gari. Nayapenda sana magari yaliyotengenezwa kwa kumfikiria anayelala chini yake.

Sasa safari zenyewe. Tela langu likiwa na ekskaveta ndogo ni kama tani tano. Denver iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya I-70 inapanda hadi handaki la Eisenhower, karibu mita 3,400, na kuna vipande vya mwinuko wa asilimia 7. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo hata upepo unaopita kwenye rejeta unapoza kidogo kuliko wa chini. Mara ya kwanza nilipanda moyo ukinidunda. Kwenye tambarare oili ilikuwa nyuzi 82. Nikabonyeza kitufe cha kuvutia mzigo mwishoni mwa mkono wa gia, nikashusha hadi gia ya tatu, kilomita 80 kwa saa, injini ikizunguka kama mara 2,700 kwa dakika. Feni ikashika na kuunguruma kama ya basi. Mlangoni mwa handaki skrini ilisoma 96. Basi.

Nikadhani nimemaliza mtihani. Kumbe mtihani ulikuwa unanisubiri kwa mteja, ng'ambo ya handaki, karibu na Silverthorne. Njia ya kuingia kwake ni ya changarawe, inapanda, na tela lilitakiwa kuingia kinyumenyume. Nikarudi nyuma taratibu, nikasimama, nikasogea mbele kunyoosha, nikarudi tena. Hazikufika dakika kumi, oili ikatoka 88 hadi 117. Mlima mzima wa I-70 haukufanya hivyo!

Fundi wangu wa Aurora, mzee wa Bukavu, ndiye aliyenieleza nikaelewa. Kati ya injini na giaboksi otomatiki kuna toki konveta: fikiria feni mbili zinazotazamana ndani ya oili. Ya injini inairusha oili, ya pili inasukumwa na oili hiyo. Ukienda mwendo mzuri, klachi iliyo ndani yake inazifunga zote mbili pamoja, hakuna kuteleza, joto ni dogo hata ukipanda. Ukienda mwendo wa kobe, klachi inaachia, na nguvu inayopotea kati ya feni hizo inageuka joto ndani ya oili. Kwenye rivasi haifungi kabisa. "Mwanangu," aliniambia, "wewe uliipika oili pale pale uliposimama."

Akanipa dawa yake: kwenye changarawe, kabla ya kurudi nyuma, ingiza 4x4 ya chini, ile ya mwendo mdogo na nguvu nyingi kwa magurudumu yote manne. Magurudumu yanapata nguvu bila injini kuikaba konveta. Safari iliyofuata, njia ile ile, mzigo ule ule: 88 hadi 95. Siyo kwenye lami kavu lakini, maana ukikata kona 4x4 hiyo inabana na kuumiza vyuma.

Foleni nayo ina yake. Jumapili alasiri watu wanarudi Denver kutoka milimani, na karibu na Idaho Springs tunatambaa. Nikikaa na gia ndani, mguu kwenye breki, namba inapanda hadi 105, 108. Nikiweka nyutro kila tunaposimama kabisa, inashuka polepole, kwa sababu pampu inaendelea kuizungusha oili kwenye kipozeo bila konveta kuisaga. Usizime injini kwa hofu. Ukizima, pampu inasimama na oili ya moto inabaki ilipo.

Mipaka yangu mimi ni hii: hadi 95 sina wasiwasi, 105 napunguza mwendo na kushusha gia, 120 natafuta pa kuegesha. Mafundi wana hesabu ya makadirio kwamba kila nyuzi 11 zinazoongezeka juu ya 80 zinakata umri wa oili nusu. Ndiyo sababu nabadilisha kila kilomita 50,000 na sitaki mjadala juu ya hilo.

Ikiwa tupu, gari linarusha-rusha, spring zake ni za mzigo. Mke wangu halipendi kwa safari za kanisani, na namwelewa. Kwa kazi, ningelinunua tena kesho.

Mwezi uliopita nilimwaga oili ya kilomita 50,000 za kwanza. Ilikuwa imefifia, lakini nyekundu, na kwenye sumaku kulikuwa na vumbi laini tu la chuma, hakuna kipande. Nimejaza chupa moja nimeiweka gereji. Kijana anayetaka kuanza kazi hii alikuja Jumamosi kuniuliza anunue pikapu gani. Nilimfungulia chupa anuse kwanza, kisha tukaenda wote kutazama gari alilolipenda, tukaanza na kijiti cha oili.