Kadi za kishikwambi: ipi ununue Mbeya na Iringa, ipi uiache dukani

Vishikwambi vimezagaa Nyanda za Juu Kusini. Walimu walipewa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, mabwana shamba wanapigia picha mahindi na viazi vyenye ugonjwa, na wenye maduka wanawekea hesabu. Kinacholeta lawama baada ya miezi michache ni kadi: memori iliyojaa au kugoma, au laini isiyoshika mtandao. Nyingi ya lawama hizo zilianza siku ya kununua.

Kwanza ujue tundu lako

Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya kuhusu kifaa, uandike namba ya modeli. Kwa namba hiyo utapata sifa zake mtandaoni: kama kina tundu la memori, ukubwa wa juu kinaokubali, na aina ya laini. Usiamini muuzaji anayekitazama kwa nje na kusema "hiki kinakula yoyote."

Angalia pia trei. Vishikwambi vingi vina trei ya nafasi mbili ambapo nafasi ya pili ni ama laini ya pili ama memori kadi, si vyote kwa pamoja. Ukihitaji laini mbili na memori, kifaa hicho hakikufai, na hakuna adapta ya kuaminika itakayokuokoa. iPad haina tundu la memori hata moja, toleo lolote lile. Mwenye iPad anunue kisoma kadi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji, na mfumo uwe iPadOS 13 au wa baadaye ili programu ya Faili ione kadi.

Memori kadi, kuanzia inayofaa zaidi

Ya kwanza: microSD ya GB 128, yenye alama A1 na U1 au U3. Ndiyo tunayopendekeza kwa watu wengi. A1 maana yake kadi imeahidi kusoma vipande vidogo 1,500 kwa sekunde na kuandika 500, pamoja na kasi ya kuandika mfululizo isiyopungua MB 10 kwa sekunde. Kwa programu na picha nyingi ndogo, hilo ndilo linaloonekana kwenye matumizi. U3 inaahidi MB 30 kwa sekunde na ina maana kwa anayerekodi video za 4K. Asiyerekodi 4K aridhike na U1. Namba kubwa iliyochapwa mbele, 100 au 140, ni kasi ya kusoma katika hali nzuri kabisa, na kishikwambi chako huenda kisiifikie kamwe.

Ya pili: GB 64 yenye A1 na alama ya Class 10 au U1. Hesabu ni hivi: kadi ya GB 64 itaonyesha takribani GB 59.5, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na kompyuta kwa 1,024. Huo si wizi. Kwa picha za MB 4 kila moja, nafasi hiyo inabeba karibu picha 15,000. Kwa video ya HD kamili, ambayo vifaa vingi huitumia kama MB 130 kwa dakika, ni zaidi ya saa saba. Mwalimu au karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hahitaji zaidi. Tunaiweka ya pili kwa sababu tu bei ya GB 128 mara nyingi haifiki mara mbili ya hii.

Ya tatu: GB 32. Hii ni ya vishikwambi vya zamani ambavyo sifa zake zinasema kikomo ni 32. Kadi za hadi GB 32 hutumia mpangilio wa FAT32, na kuanzia 64 ni exFAT, ambao vifaa vya zamani havijui kuusoma. Ubaya wa FAT32 ni kwamba haipokei faili moja linalozidi GB 4. Ukinakili filamu ndefu ikakataa katikati wakati nafasi bado ipo, sababu ni hiyo, kadi haina kosa.

Ya nne: kadi za A2. Kwenye karatasi zinashinda, 4,000 kusoma na 2,000 kuandika, lakini kasi hiyo inahitaji kifaa kinachojua kuzipangia foleni ya amri. Vishikwambi vingi havijui. Ikiwa bei ni sawa na ya A1, chukua, ikizidi, acha.

Ya tano: UHS-II, zile zenye mistari miwili ya miguu ya dhahabu nyuma. Ni za kamera kubwa. Kishikwambi kitatumia mstari mmoja tu, na pesa ya mstari wa pili umeichoma.

Ya mwisho, isiyopaswa kununuliwa: kadi isiyo na jina la kueleweka, au yenye jina kubwa lakini TB 1 au 2 kwa bei ya sahani ya chipsi kuku. Hiyo hata haihitaji kupimwa.

Kupima feki kabla ya kupanda gari

Feki hufanya kazi hivi: ndani kuna memori ya GB 8 au 16, lakini kidhibiti chake kimepangwa kusema uongo kwamba ni 128. Utafomati, itakubali. Utanakili, itakubali. Ikifika ukomo wa kweli, huanza kuandika juu ya vya zamani au kuvitupa kabisa vipya. Majina ya mafaili yataonekana yote, na ndiyo maana watu hugundua baada ya wiki tatu, picha zikifunguka nusu rangi nusu kijivu.

Aliyenunua Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa akagundua akiwa Makete hana la kufanya. Nauli ya kurudi inazidi bei ya kadi. Kwa hiyo patana na muuzaji kwanza: "Nikiipima leo ikishindwa, utanibadilishia?" Akisita, hamia duka la jirani. Chukua risiti yenye ukubwa na jina la kadi.

Njia ya uhakika ni kompyuta. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw; kwenye Linux na Mac kuna F3. Zinajaza kadi yote kisha zinasoma tena kulinganisha. Kadi iwe tupu. Kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde, GB 64 huchukua kama dakika 53 kuandika, na GB 128 karibu saa moja na dakika 47, kisha muda wa kusoma. Nenda ukale. Ikitokea hata kosa moja, rudisha.

Bila kompyuta, fomati kadi ndani ya kishikwambi, nakili video moja kubwa mara nyingi kwa majina tofauti hadi kadi ikaribie kujaa, zima kifaa, washa, kisha fungua nakala ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na upeleke kila moja hadi mwisho wake. Si kamili kama H2testw, lakini feki nyingi hunaswa hapo.

Kubebeka au ya ndani?

Tangu Android 6, baadhi ya vishikwambi huuliza ukichomeka kadi: uitumie kama hifadhi ya kubebeka au iungwe na hifadhi ya ndani. Ukichagua ya ndani, kadi inafomatiwa na kufungwa kwa msimbo wa kifaa hicho pekee. Ukiitoa haisomeki kwingine, na kifaa kikifa au kikifutwa kila kitu, data ya kwenye kadi imekwenda nacho. Chagua kubebeka. Ya ndani ifikirie tu ikiwa kishikwambi kina GB 8 au 16 na kadi ni A1 ya kweli. Kwa kadi ya polepole kifaa kizima kitakokota kama lori la mbao mlima wa Kitonga.

Laini na njia za intaneti

Kwa kishikwambi chenye tundu la laini, bora ni nano, laini ndogo kuliko zote, iliyotolewa dukani, si iliyokatwa kwa mkasi. Nano ina milimita 12.3 kwa 8.8 na unene wa 0.67, wakati laini kubwa kuliko hiyo zina unene wa 0.76, ile tofauti ndogo ndiyo inayokwama ndani ya trei. Laini isajiliwe kwa jina lako, kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, kisha piga *106# uhakikishe hakuna namba ya mgeni kwenye kitambulisho chako. Inayouzwa mtaani ikiwa "tayari imesajiliwa" ni ya mtu mwingine, na siku ikifungwa huna pa kulalamika.

Ya pili, na kwa kweli ya kwanza kwa mwenye kishikwambi cha Wi-Fi pekee, ni kuwashia intaneti kutoka kwenye simu. Haina gharama mpya. Kifaa kidogo cha Wi-Fi chenye laini yake kinafuata, kikifaa zaidi ofisi yenye watu watatu au wanne. eSIM, laini iliyojengwa ndani ya kifaa, ni nzuri kwa vifaa visivyo na trei, kama iPad Pro za 2024. Hakikisha kwenye Mipangilio kuna namba ya EID, yaani kitambulisho cha hiyo eSIM, kisha nenda nayo duka la mtandao wako. Adapta ya plastiki ya kugeuza nano kuwa micro iwe chaguo la mwisho. Ukiiingiza tupu, meno ya tundu hunasa kwenye uwazi wake, na ukivuta yanang'oka.

Anayenunua kishikwambi cha mtumba kutoka nje apime mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, kiwe hakijafungwa kwa mtandao wa huko: weka laini yako, fungua ukurasa wowote. Pili, bendi, yaani masafa ya redio ambayo kifaa kinayashika. Hapa nchini 4G hutumia, miongoni mwa mengine, masafa ya megahezi 700, 800 na 1800, yaani bendi 28, 20 na 3. Vifaa vingi vya soko la Marekani havina bendi 20. Mjini Mbeya huenda usione tofauti, lakini masafa ya chini ndiyo yanayokwenda mbali, na ukishuka nyuma ya milima ya Uporoto au mabonde ya Makete kifaa kisichokuwa nayo kitarudi 3G au kukosa kabisa.

Ikigoma

Kadi haionekani kabisa. Zima kifaa, itoe, angalia miguu ya dhahabu. Tukuyu na Rungwe kwenye mvua nyingi, miguu hushika weusi au ukijani. Isugue polepole kwa raba safi ya penseli, upande mmoja, futa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu. Spiriti ya isopropili inafaa. Maji na mate havifai. Baridi yenyewe haiui kadi. Tatizo ni kutoa kishikwambi kwenye baridi ya Kitulo na kukiweka karibu na jiko la mkaa: unyevu hutanda ndani. Kiache mfukoni au kwenye begi nusu saa kabla ya kuchomeka chochote.

Kishikwambi au kompyuta inasema kadi "haijafomatiwa." Kataa. Jaribu kisoma kadi kingine kwanza. Ikibaki hivyo na kuna picha unazozitaka, usiandike kitu chochote juu yake. Tumia PhotoRec, ya bure, na uokoe picha ukiziweka kwenye diski nyingine. Ndipo ufomati, na ufomati ndani ya kishikwambi chenyewe, si kwenye kompyuta.

Kadi inasema imezuiwa kuandikwa. Kama iko ndani ya adapta kubwa ya SD, tazama kidude cha pembeni: kikishuka, kompyuta haiandiki. Kama si hicho, na mafaili uliyofuta yanarudi baada ya kuwasha upya, au ukifomati kila kitu kipo palepale, kadi imefikia mwisho wa maisha yake. Kidhibiti kimejifunga kulinda kilichobaki. Nakili vyote siku hiyohiyo na uitupe. Hakuna fundi wa kuirudisha.

Laini inaonekana, alama za mtandao zipo, intaneti haipo. Ni APN, jina la lango la intaneti la mtandao wako. Chukua simu yenye laini ya mtandao uleule inayofanya kazi, fungua mipangilio ya APN, unakili jina lake herufi kwa herufi kwenye kishikwambi, hifadhi, kisha uliguse kulichagua. Wengi husahau hatua hiyo ya mwisho. Na kwa kuwa vishikwambi vingi haviwezi kupiga namba za nyota, nunua bando ukiwa na laini ndani ya simu, au uinunulie namba hiyo kutoka simu nyingine.

Laini inadai PUK, namba ya kuifungua ikijifunga. Umekosea PIN mara tatu. PUK ni tarakimu nane na ipo kwenye kipande cha plastiki laini ilipotolewa, au kwa huduma kwa wateja. Usibahatishe: ukikosea mara kumi laini imekufa, na utarudi dukani na kidole chako kuanza upya.