Tathmini ya kituo cha msaada wa kisheria, Igoma, Mwanza: swali la kwanza ni tarehe

Niliachishwa kazi ya kukata minofu ya sangara kwa maneno matupu ya getini, bila barua, baada ya miaka minne na miezi mitatu. Wenzangu walinishauri nisubiri meneja arudi safarini. Nilipofika kwenye kituo hiki cha wasaidizi wa kisheria ilikuwa siku ya 22, na mama aliyenipokea, kabla hajauliza kiwanda gani wala kosa gani, aliuliza tarehe.

Alishusha kalenda ya ukutani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akaizungushia duara siku ya 30. "Mwanangu, ukivuka hapa utaanza kuomba radhi kabla ya kudai haki," alisema. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine, kama mishahara, ndani ya siku 60. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba nyongeza ya muda na kueleza sababu za msingi.

Nilimwambia kwa unyonge kwamba sikuwahi kupewa mkataba. Hapo ndipo huduma yao iliponigusa zaidi, kwa maana alinifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kunionyesha kwamba mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo ya kazi kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa humwangukia yeye. Kisha akapanga mezani kitambulisho changu kilichokwaruzwa na chumvi, taarifa ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) na ujumbe wa mishahara kwenye simu. Saa za ziada, ambazo sheria inataka zilipwe mara moja na nusu, tuliziandika wiki moja baada ya nyingine.

Huduma ni bure, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inavyotaka. Nilitoa fedha ya fotokopi tu. Foleni ni ndefu, nami nilikaa tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Linaloniuma zaidi ni chumba kimoja kisicho na pazia. Dada aliyenitangulia alikuja kueleza jinsi msimamizi wake alivyomsumbua kimwili, akatazama benchi lililojaa wanaume, akaondoka bila kusema neno. Kituo kinachojua sheria kiasi hiki hakina budi kupata hata pazia la kanga.

Siku ya 25 karani wa kiwanda alisaini kupokea nakala ya fomu yangu ya lalamiko la Tume.