Wavu wa Kukunja wa Badminton kwa Ua Mdogo
Wavu huu wenye upana wa mita 3 naupendekeza kwa dhati kwa wenye ua mdogo, kwa kuwa nguzo zake husimama juu ya miguu yake yenyewe bila kuchimba shimo wala kupigilia msumari ukutani. Ninachokithamini zaidi ni kimo kinachorekebishwa: ukiupandisha hadi sentimita 155 unapata kimo rasmi cha nguzo za badminton, na ukiushusha, watoto huchezea tenisi kwa mpira laini. Hata hivyo ni mwepesi mno, na upepo wa alasiri huusukuma, hivyo miguu yake haina budi kukandamizwa kwa mifuko ya mchanga, ambayo muuzaji haitoi. Kamba ya juu nayo hulegea. Ikazwe kabla ya kila mchezo, kwani katikati hutakiwa kushuka hadi sentimita 152.4 tu.