Programu ya simu ya kutambua sarafu: jogoo wa Kimalei aitwa pesa ya Unguja

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, aliacha kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za Asia ya Kusini-Mashariki, nami nikalipia mwezi mmoja wa programu ya simu inayotaja jina, nchi na mwaka wa sarafu baada ya kupigwa picha pande zote mbili.

Kwa sarafu zenye herufi za Kilatini sikuwa na malalamiko. Senti ya mraba ya Straits Settlements, koloni la Waingereza kwenye Mlango wa Malaka, ya mwaka 1920, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, ilitambuliwa papo hapo.

Taabu ilianzia kwa kisarafu cha shaba chenye picha ya jogoo. Programu iliona herufi za Kiarabu, ikajibu bila kusita kuwa ni pesa ya Zanzibar ya mwaka 1299 Hijria, ilhali pesa hiyo ya Sultani Barghash ina picha ya mizani, wala haina ndege yeyote. Nilimpelekea mwalimu wa chuo cha mtaani, akasoma «Tanah Melayu», yaani nchi ya Wamalei, kisha akageuza akasoma «satu keping», yaani kipande kimoja, na mwaka 1247, ambao ni 1831 Miladia. Alikwama kwa muda mfupi tu kwenye ng', kwa sababu Kijawi, yaani Kimalei cha herufi za Kiarabu, huiandika kwa ain yenye nukta tatu juu. Sarafu hizo zilitolewa na wafanyabiashara wa Singapore.

Dosari iliyonikera zaidi ni kwamba programu haiulizi uzito. Piasta, sarafu ya fedha ya Indochina ya Kifaransa, ya mwaka 1908 hujieleza yenyewe: imeandikwa «TITRE 0,900 POIDS 27 GR.», maana yake fedha sehemu 900 kwa 1,000, gramu 27. Programu iliikubali ya mjomba na kuitajia bei nono, lakini mizani yangu ndogo ilisoma gramu 21.6, na sumaku ya mlango wa friji ikainasa, ilhali fedha halisi hainaswi na sumaku: ilikuwa bandia.

Sikulipia mwezi wa pili. Sehemu ya bure inatosha kwa herufi za Kilatini, na fedha iliyobaki nimenunulia mizani yenye usahihi wa sehemu ya mia ya gramu.